Mwongozo kamili wa kuchagua kiyoyozi cha nyumbani: chumba kwanza, chapa baadaye

Karibu kila anayetaka kununua kiyoyozi huanza na swali moja: kampuni gani ni nzuri? Swali ni la haki, ila limekuja mapema mno. Daikin iliyozidi ukubwa wa chumba, ikafungwa na fundi aliyeruka hatua mbili tatu, itakusumbua kuliko Midea ya kawaida iliyopimwa na kufungwa inavyotakiwa. Jina la kampuni lina uzito, na nitalifikia kwa kirefu. Lakini mbele yake kuna chumba chenyewe, namba zilizoandikwa kwenye mashine, na fundi atakayeifunga. Ukifuata mpangilio huo, utakapofika kwenye majina utakuta orodha imeshapungua yenyewe.

Jambo moja la msingi kwanza. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto. Gesi inapita kwenye mashine ya ndani, inabeba joto la chumba, kompresa, yaani pampu ya gesi hiyo, inaisukuma hadi mashine ya nje, na huko joto linamwagwa. Kwa hiyo unaponunua unalipia mambo mawili: kiasi cha joto ambacho mashine inaweza kukitoa kwa saa, na kiasi cha umeme inachokula ili kukitoa. Karibu kila kitu kingine kinachosifiwa dukani ni nyongeza.

Hatua ya 1: Pima chumba

Uwezo wa kiyoyozi huandikwa kwa BTU, kipimo cha kiasi cha joto, kwa saa. Saizi zinazopatikana kwa wingi ni 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000. Sehemu nyingine huuzwa kwa kilowati (12,000 BTU ni takriban kilowati 3.5), na sehemu nyingine kwa tani, ambapo tani moja ni BTU 12,000. Wapo pia wanaouza kwa "hosipawa". Kipimo hicho hakina usawa kati ya muuzaji na muuzaji, hivyo ukiambiwa hosipawa moja na nusu, omba uambiwe ni BTU ngapi.

Chukua futi, pima urefu na upana wa chumba, zidisha upate mita za mraba. Kwa mahali penye joto, dari ya kawaida ya kama mita 2.7, zidisha kwa BTU 500 hadi 600. Chumba chenye kivuli, kuta nene na dari iliyozuiwa joto kinaweza kushuka hadi 400. Chumba kilicho moja kwa moja chini ya bati bila dari nzuri kinaweza kupanda hadi 700. Ukikuta jedwali lililotengenezwa kwa nchi za baridi, litakupa namba ndogo zaidi ya hizi, karibu nusu yake. Nyumba zao zimezibwa vizuri na majira yao ya joto ni mafupi, kwa hiyo jedwali lao usilitumie.

Baada ya hapo unarekebisha. Jua kali la mchana likipiga madirisha, ongeza asilimia 10. Kivuli kizito, punguza asilimia 10. Hesabu watu wawili kama kawaida, kisha kwa kila anayezidi ongeza BTU 600. Kama jiko limo ndani ya nafasi hiyohiyo, ongeza 4,000.

Tuchukue sebule ya mita 5 kwa 6, yaani mita 30 za mraba. Kwa 600 inakuwa 18,000. Madirisha yanatazama magharibi, asilimia 10 inaifikisha 19,800. Jioni wanakaa watu 6, kwa hiyo wanne wamezidi, 2,400 zaidi, tunafika 22,200. Utalazimika kununua mashine ya 24,000. Lakini tazama: pazia zito, kivuli cha nje ya dirisha na kuziba nyufa za milango vinaweza kuirudisha sebule hiyo karibu na 18,000. Tofauti ya bei ya mashine hizo mbili mara nyingi inatosha kulipia pazia hizo, na umeme utakaouokoa utaendelea miaka yote. Mimi hupenda mtu aanze na pazia.

Kishawishi kikubwa ni kusema, "bora izidi kuliko ipungue." Hapana. Mashine iliyozidi sana inapoza hewa haraka na kuzima kabla haijatoa unyevu. Unabaki na chumba cha baridi chenye unyevunyevu, shuka zinazonata, na kompresa inayowaka na kuzima kila baada ya dakika chache. Kompresa huchakaa zaidi wakati wa kuwaka kuliko ikiwa inaendelea kufanya kazi. Mashine za inverta, ambazo nitazieleza kwenye Hatua ya 3, zinavumilia kuzidi kidogo, kwa sababu zinaweza kujipunguza mwendo, lakini nazo zina kikomo chake cha chini. Ukiwa katikati ya saizi mbili na chumba ni cha kulala, shuka chini kama kina kivuli, panda juu kama kinapigwa na jua.

Hatua ya 2: Aina ya mashine

Hapa sitakaa sana. Kwa nyumba nyingi jibu ni spliti ya ukutani, mashine moja ndani na moja nje. Ina utulivu, ina ufanisi, na mafundi wake wapo kila mahali. Kiyoyozi cha dirisha ni rahisi kununua na kufunga, ila kina kelele na kinaziba dirisha. Mashine kadhaa za ndani zinazotumia mashine moja ya nje huokoa nafasi ukutani, lakini kompresa ikifa vyumba vyote vinakosa baridi siku hiyo hiyo. Kwa vyumba viwili au vitatu, spliti zinazojitegemea ni salama zaidi na mara nyingi ni nafuu.

Neno la tahadhari ni kuhusu kiyoyozi cha magurudumu chenye bomba moja la kutoa joto dirishani. Kinachukua hewa ya chumbani kwako na kuitupa nje, na hewa ya moto inaingia kupitia kila upenyo kuziba pengo hilo. Ndiyo maana kinachoandikwa BTU 14,000 kwenye boksi kinaweza kufanya kazi ya 8,000 hadi 10,000 kinapopimwa kwa njia inayohesabu hasara hiyo. Kinunue kama umepanga na mwenye nyumba haruhusu kutoboa ukuta. Vinginevyo kiache.

Hatua ya 3: Inverta au ya kawaida

Mashine ya kawaida ina kompresa yenye mwendo mmoja: inawaka kwa nguvu zote, inazima, inawaka tena. Ya inverta inabadilisha mwendo. Ikishafikia joto uliloweka inapunguza kasi na kuendelea polepole. Ndiyo sababu inakula umeme kidogo, ina kelele kidogo na joto la chumba halipandi na kushuka.

Kuna faida nyingine ambayo wauzaji huisahau. Kompresa ya kawaida inapowaka hunyonya umeme mara 4 hadi 6 ya ule wa kawaida kwa muda mfupi. Taa zinafifia, jenereta dogo linagugumia, mfumo wa sola unajizima. Inverta huanza taratibu. Kama nyumba yako inategemea jenereta au sola hata kwa sehemu, hoja hii peke yake inatosha.

Lakini inverta ina bodi ya umeme yenye gharama, na bodi hiyo haipendi umeme unaopanda na kushuka. Baadhi ya mashine zimeandikwa zinavumilia volti kuanzia kama 160 hadi 260. Tafuta hizo, au tenga fedha ya stabilaiza yenye uwezo unaotosha.

Uamuzi wangu ni huu. Chumba kitakachotumia kiyoyozi saa 5 au zaidi karibu kila siku, nunua inverta hata kama itabidi usubiri mwezi mmoja zaidi. Chumba cha wageni kinachowashwa mara chache kwa mwezi, ya kawaida kutoka kampuni kubwa inatosha kabisa, na hela iliyobaki ina kazi nyingine.

Hatua ya 4: Soma kibandiko

Hii ndiyo hatua inayookoa fedha nyingi kuliko zote, na inachukua dakika tano. Usisome boksi wala karatasi ya matangazo. Inama, tafuta kibandiko chenye maandishi madogo ubavuni mwa mashine ya nje. Kipige picha.

Anza na namba ya modeli. Mara nyingi ndani yake mna 09, 12, 18 au 24: hizo ni BTU kwa maelfu. Kampuni nyingine, hasa za Japani, huandika 25, 35, 50 au 71: hizo ni kilowati 2.5, 3.5, 5.0 na 7.1. Kwa hiyo modeli yenye 35 katikati ni ndugu wa modeli yenye 12. Ukishajua hili hutauziwa mbuzi kwenye gunia kwa sababu tu namba moja inaonekana kubwa.

Kisha tafuta uwezo wa kupoza na umeme unaoingia. Gawanya wa kwanza kwa wa pili. Mashine ya BTU 12,000 inayokula wati 1,250 inakupa 9.6. Nyingine ya 12,000 hiyohiyo inayokula wati 1,000 inakupa 12. Hiyo ndiyo EER, na kadiri inavyopanda ndivyo bili inavyoshuka. Kibandiko kikitumia wati pande zote mbili, jibu litaitwa COP. Lizidishe kwa 3.412 upate EER. Kwenye inverta utaona namba tatu, mfano wati 3,400 na pembeni yake kwenye mabano 1,000 hadi 3,800. Tumia ile ya nje ya mabano. Muuzaji atakuonyesha kubwa ya ndani, ambayo mashine huifikia kwa muda tu.

Namba ya msimu, SEER, ni bora zaidi kwa inverta kwa sababu inapima mashine ikiwa inafanya kazi nusunusu, kama inavyofanya nyumbani. Ila ina mtego: Marekani huipima kwa BTU kwa kila wati na Ulaya kwa wati kwa wati. SEER 17 ya Kimarekani ni karibu na 5 ya Kiulaya. Mtu akiweka mashine mbili bega kwa bega, moja ya 17 na nyingine ya 6, na kusema ya kwanza ni bora mara tatu, amekosea. Ya 6 inaweza kuwa ndiyo iliyoshinda. Nyota nazo zina shida hiyo, kila nchi ina ngazi yake na huibadilisha baada ya miaka kadhaa. Linganisha nyota za nchi moja, za toleo moja.

Tafuta pia alama ya T1 au T3. T1 maana yake mashine imepimwa hewa ya nje ikiwa nyuzi 35. T3 imepimwa kwa nyuzi 46. Kama unakoishi joto la mchana linavuka 40, au mashine ya nje itakaa juu ya paa linalochemka, mashine ya T3 itaendelea kupoza pale ambapo ya T1 itapungua nguvu au kujizima.

Mwisho, kelele. Mashine nzuri ya ndani ikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa huwa na desibeli karibu 20, na ya bei ya chini hukaa 28 hadi 35. Kwa sebule si neno. Kwa mtu mwenye usingizi mwepesi ni jambo la kila usiku.

Hatua ya 5: Gesi

Ukikuta R-22, iache, hata kama ni mpya na bei ni ya kutupa. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa duniani kupitia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Kuipata kunazidi kuwa kugumu na ghali. R-410A haiharibu ozoni lakini inachangia sana joto la dunia, mara 2,088 ya hewa ya ukaa kwa uzito uleule, nayo imo kwenye zinazopunguzwa na makubaliano yaliyofikiwa Kigali, Rwanda, mwezi Oktoba 2016. R-32 ni 675, ina ufanisi mzuri, na ndiyo iliyotawala mashine mpya za nyumbani. Nunua R-32. R-290, ambayo ni propani, ni safi zaidi, ila inawaka moto kwa urahisi na inahitaji fundi aliyeisomea.

R-32 nayo inaweza kuwaka, ingawa kwa shida. Haina hatari kwa matumizi ya kawaida. Hata hivyo fundi anayevuta sigara huku akifungua mabomba yake mwombe atoke nje.

Hatua ya 6: Chapa, sasa

Tuliyoyapima yameshapunguza orodha. Sasa majina.

Majina yenye asili ya Japani ndiyo yenye sifa ya kudumu: Daikin, Mitsubishi Electric, Mitsubishi Heavy Industries, Panasonic, Fujitsu General, Hitachi na Toshiba. Daikin ilianzishwa Osaka mwaka 1924 na hutengeneza hadi kompresa na gesi zake yenyewe. Mashine zao za nyumbani ni tulivu, zina ufanisi wa juu, na ndizo ghali kuliko zote. Jihadhari na hili: Mitsubishi Electric na Mitsubishi Heavy ni kampuni mbili tofauti, zenye spea tofauti. Anayekwambia bodi ya moja itaingia kwenye nyingine hajui anachouza.

Korea ina LG na Samsung. Inverta zao ni nzuri, muonekano wao unapendeza, na kompresa za inverta za LG mara nyingi huja na dhamana ya miaka 10. Bei yao huwa katikati.

Uchina ndiyo inayotengeneza sehemu kubwa ya viyoyozi vya dunia. Gree ya Zhuhai na Midea ya Foshan ni majitu. Haier, Hisense, TCL na AUX zinafuata. Dhana kwamba "cha Mchina hakidumu" imepitwa na wakati kwa kampuni hizi. Gree inatengeneza kompresa zake yenyewe, na kompresa za GMCC zinazotengenezwa na kampuni ya Midea zimo ndani ya mashine nyingi zenye majina mengine kabisa. Kwa thamani ya fedha, mashine ya inverta ya daraja la kati kutoka Gree au Midea ni vigumu kuipiga. Ninachowaonya watu ni kwamba kampuni hizi zina madaraja mengi. Inverta yao nzuri na ile ya kawaida ya bei ya chini zinabeba nembo moja lakini si mashine moja, kwa hiyo kibandiko kinabaki kuwa ndiyo hakimu.

Kisha kuna majina yanayohama. Carrier ni jina la Willis Carrier, mhandisi aliyebuni mfumo wa kwanza wa kisasa wa kurekebisha hewa mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji Brooklyn. Leo spliti yenye jina hilo inaweza kuwa imetengenezwa na kiwanda cha kampuni nyingine, kutegemea nchi. Biashara ya viyoyozi vya Toshiba iko mikononi mwa Carrier tangu 2022, ilhali friji na mashine za kufulia za Toshiba zilikwenda Midea mwaka 2016. Usinunue kwa kumbukumbu ya redio nzuri aliyokuwa nayo babu yako. Uliza ilitengenezwa wapi na nani anatoa dhamana hapa.

Kundi la mwisho ni nembo ambazo hazina kiwanda: muagizaji ananunua mashine na kubandika jina lake. Baadhi ni nzuri, kwa kuwa ndani ni Midea au AUX. Tatizo lake huja mwaka wa nne, bodi ikiungua na muagizaji ameshahamia biashara nyingine. Kama bei inakuvuta sana, omba kuona kibandiko cha kompresa. GMCC, Highly, Landa, Rechi, Panasonic: hayo ni majina ya kuheshimika. Kompresa isiyo na jina, ondoka.

Baada ya yote hayo, kipimo cha mwisho cha chapa ni simu moja. Pigia mafundi wawili watatu wasiofanya kazi dukani, waulize: "Bodi ya modeli hii ikiungua leo, nitaipata baada ya siku ngapi?" Mafundi wanajua. Chapa ya pili kwa ubora yenye spea karibu inaishinda ya kwanza ambayo bodi yake inaagizwa kwa miezi.

Hatua ya 7: Gawanya bajeti

Kosa ni kuitumia bajeti yote kwenye mashine kisha kutafuta fundi wa bei ya kutupa. Kabla hujaangalia bei yoyote, tenga kama robo ya fedha zako kwa ajili ya ufungaji: kazi ya fundi, mabomba ya shaba, waya, breka, vyuma vya kushikilia mashine ya nje, na stabilaiza kama umeme wa kwako hautulii. Kinachobaki ndicho cha mashine.

Kwa mfuko mwembamba, usipoze nyumba nzima. Chagua chumba kimoja, kile cha kulala, na ukifanye vizuri: inverta ndogo ya BTU 9,000 ya kampuni kubwa ya Uchina. Kama hata hiyo haifikiki, chukua ya mwendo mmoja kutoka kampuni hizohizo. Mitumba siipendekezi, isipokuwa unajua ilikotoka na gesi yake si R-22. Kwa mfuko wa kati, inverta ya daraja la juu ya Gree, Midea, Haier au Hisense, au ya LG. Nadhani hapa ndipo familia nyingi zinapata thamani kubwa zaidi. Kwa mfuko mnene, Daikin, Mitsubishi Electric au Panasonic, hasa chumba cha kulala ambako utulivu una maana, au nyumba yenye joto karibu mwaka mzima ambako ufanisi unalipa.

Unajuaje kama unalipa? Fanya hesabu hii. Tuseme chumba kinahitaji kutolewa joto la wastani wa kilowati 2, saa 8 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Zidisha: ni kilowati-saa 4,800 za joto. Mashine yenye ufanisi wa msimu wa 3, kwa kipimo cha wati kwa wati, itakula yuniti 1,600 za umeme kwa mwaka. Yenye ufanisi wa 5 itakula 960. Tofauti ni yuniti 640 kila mwaka, 6,400 kwa miaka 10. Zidisha 640 kwa bei ya yuniti unayolipa wewe. Sasa chukua tofauti ya bei za mashine hizo mbili na uigawanye kwa jibu hilo: unapata idadi ya miaka ya kurudisha fedha. Chini ya miaka 4, nunua ya ghali bila kusita. Ikizidi 8, fedha ya ziada unalipia utulivu na jina, na hilo ni sawa mradi unalijua.

Kwenye hesabu hiyo usitie vitu kama Wi-Fi, taa za urembo au "plazma" ya kuua vijidudu. Ukizipata bure, sawa. Kinachostahili kulipiwa zaidi ni shaba kwenye koili, yale mabomba ya ndani ya mashine ambamo gesi hupita, badala ya alumini, kwa sababu shaba hurekebishika inapotoboka, na rangi ya kinga kwenye koili ya nje. Kwa anayeishi karibu na bahari kinga hiyo ni lazima. Chumvi hula koili isiyokingwa hadi ikavuja gesi.

Hatua ya 8: Kabla ya kulipa

Soma dhamana yenyewe, usitegemee maneno. "Miaka 10" iliyobandikwa kwa herufi kubwa karibu kila mara ni ya kompresa peke yake; sehemu nyingine huwa na mwaka 1 au 2, na bodi ndiyo inayotangulia kufa. Uliza kama dhamana inadai ufungaji ufanywe na fundi wa kampuni, kama inadai huduma ya kila mwaka yenye risiti, na nani analipa usafiri na gesi. Hakikisha namba ya mashine ya ndani na ya nje zimeandikwa kwenye risiti, na kwamba modeli ya boksi zote mbili inalingana. Boksi huchanganywa, na mashine ya ndani ya 12 iliyofungwa na ya nje ya 9 haitakupa raha.

Hatua ya 9: Siku ya kufunga

Kaa nyumbani siku hiyo. Mashine ya ndani iwe juu, kama mita 2 na zaidi, na nafasi ya kunyonya hewa juu yake, kwa kawaida sentimita 15 kutoka dari. Usiielekeze upepo wake kitandani moja kwa moja. Bomba la maji liwe na mteremko njia nzima; mwulize fundi amwage lita moja ya maji kwenye trei na mtazame yanatokea wapi. Mashine ya nje inataka hewa zaidi ya kivuli: usiifungie kwenye kijikorido ambako inavuta tena joto ililolitoa.

Umeme wake uwe na waya wake kutoka kwenye bodi ya breka, na waya wa ardhini. Waya wa upanuzi wa sakafuni si mahali pake kamwe.

Sasa lile jambo kubwa. Baada ya kuunganisha mabomba, ndani yake mna hewa na unyevu. Fundi makini anaunganisha pampu ya vakyumu ya kuvinyonya, anaiendesha dakika 20 hadi 30, anafunga geji na kusubiri aone kama sindano inasogea. Ikisogea, kuna uvujaji. Fundi wa haraka anafungua gesi kidogo, inapiga "pssss" na kuisukuma hewa nje, kisha anasema tayari. Unyevu uliobaki unachanganyika na oili, unageuka asidi, na kompresa yako ya dhamana ya miaka 10 inaanza kuliwa kutoka ndani. Mwulize kabla ya kukubaliana bei: "Una pampu ya vakyumu?" Akisema haihitajiki, mshukuru na utafute mwingine. Kama mabomba yanazidi urefu ulioandikwa kwenye kitabu, mara nyingi mita 5 au zaidi kidogo, gesi ya ziada iongezwe kwa kupimwa kwenye mizani, kwa gramu ambazo kitabu kimeandika.

Kabla fundi hajaondoka, iwashe dakika 20 kwa joto la chini kabisa na feni ya juu. Shika kipimajoto kwenye hewa inayoingia juu na kwenye inayotoka chini. Tofauti ya kawaida ni nyuzi 8 hadi 12. Ikiwa ni 4 au 5, arudi kwenye geji zake. Pita na povu la sabuni kwenye maungio ya mashine ya nje. Pakitoa mapovu, pakazwe upya. Mwambie akuonyeshe jinsi ya kuchomoa chujio, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yako kuanzia sasa: kulisuuza kwa maji kila wiki mbili hadi nne, kuliacha likauke kivulini, na kulirudisha. Osha koili zote kwa fundi mara moja kwa mwaka, mara mbili kama kuna vumbi jingi, na risiti za kazi hiyo zibandike pamoja na ile ya kununulia.